Askari Asiye na Mshahara: Maisha ya Shujaa wa Kipsigis katika Nchi ya Sigowet

Msafiri atokaye mji wa Kericho akashika njia ya Kapsoit kwenda Sondu hupita katika nchi ya Sigowet. Upande wa juu ataona chai na mahindi. Upande wa chini, pale nchi inapoteremka kwenda Soin, ataona miwa, na joto la bonde la Nyando litampiga usoni. Siku hizi nchi hiyo ni sehemu ya Kaunti ya Kericho. Katika karne ya 19 hapakuwa na chai hata jani moja, maana chai ya biashara ilianza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920. Wala hapakuwa na mji, wala soko lenye maduka. Palikuwa na kokwet.

Kokwet si kijiji cha nyumba zilizobanana kama vijiji vya pwani. Ni mitaa ya watu waliotawanyika juu ya kilima kimoja au ukingo mmoja wa mto, kila mtu na ua wake na shamba lake la wimbi, lakini wote wakikutana chini ya mti mmoja kusema mashauri yao. Huko ndiko alikokaa mtu ambaye habari zake zimeandikwa hapa. Si mtu mmoja mwenye jina lililowekwa katika vitabu. Ni yule mwanamume wa kawaida ambaye kila ukoo wa Kipsigis ulikuwa naye: mtu aliyekuwa askari katika ujana wake, akawa mume na baba, kisha, kama mkuki wa adui haukumwahi, akawa mzee wa baraza. Wamasai waliwaita Wakipsigis kwa jina la Lumbwa, na Serikali ya Kiingereza ikalifuata jina hilo kwa miaka mingi; wao wenyewe hawakulipenda.

Neno “askari” huweza kumpotosha msomaji. Katika karne hiyo hiyo Sultani wa Unguja alikuwa na askari wa Kibaluchi na wa Kihadhrami waliopewa mshahara wakae katika ngome zake. Kule Unyamwezi, Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na ruga-ruga wake, vijana waliokwisha kuacha kwao na kumfuata yeye kwa ajili ya ngawira. Askari wa Sigowet hakuwa wa namna hizo mbili. Hakuajiriwa na mtu, hakuwa na mfalme, hakukaa ngomeni. Aliondoka nyumbani kwa mama yake kwenda vitani, na vita vikiisha alirudi nyumbani kwa mama yake, mpaka siku alipokuwa na nyumba yake mwenyewe. Basi mtu asiyefahamu nyumba ya Mkipsigis hawezi kufahamu vita vyake.

KUTOKA MENJO

Mtoto wa kiume alianza kazi kwa mbuzi na ndama. Alipokua alitumwa kaptich, yaani kambi ya ng'ombe iliyo mbali na mashamba, penye majani mazuri na chumvi ya ardhini. Watu wa Sigowet waliteremsha mifugo yao kwenye nyanda za joto za Soin. Huko kijana alijifunza mambo ambayo baadaye yalimfaa vitani: kulala macho, kutambua nyayo, kujua kwa sauti ya ng'ombe kwamba kuna mnyama au mtu gizani. Chakula kilikuwa maziwa, na damu iliyotolewa kwa mshale katika shingo ya ng'ombe bila kumwua.

Wakati ulipofika alitahiriwa pamoja na wenzake, wakatengwa katika nyumba iitwayo menjo. Hawakuwa watoto wadogo. Wengi wao walikuwa vijana wakubwa wenye nguvu. Walikaa humo muda mrefu wakifundishwa heshima, siri za kabila na adabu ya mtu mzima. Alipotoka, kijana aliacha jina la utotoni akaitwa arap fulani, maana yake mwana wa fulani, kwa jina la baba yake. Tangu siku hiyo alikuwa muren, na wenzake wote walikuwa murenik, mashujaa wa nchi.

Pamoja na jina jipya alipata vitu viwili ambavyo hakuweza kuvikataa wala kuvibadili. Cha kwanza ni rika. Marika ya Kipsigis huzunguka kama gurudumu: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, kisha Maina tena baada ya zaidi ya miaka mia moja. Miongoni mwa wanaume waliobeba mikuki katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwamo wa Kaplelach. Kitu cha pili ni kikosi, ambacho Wakipsigis hukiita puriet. Vikosi vilikuwa vinne: Kipkaige, Ng'etunyo, Kebeni na Kasanet. Rika alilipata kwa wakati aliotahiriwa. Kikosi alikirithi kwa baba yake, kama vile mtu anavyorithi ukoo.

Hapo pana jambo linalostahili kutazamwa vizuri. Jeshi la Wazungu huwakusanya watu wasiojuana na kuwapa namba. Jeshi la Wakipsigis lilikuwa limekwisha kupangwa kabla kijana hajazaliwa. Katika kikosi chake alikuwamo baba yake aliyezeeka na ndugu zake, na siku moja wangeingia wanawe. Watu wa kokwet moja waliweza kuwa wa vikosi mbalimbali, na watu wa kikosi kimoja walikaa mahali pengi, tangu Belgut mpaka Bureti na Sot. Kwa hiyo mtu wa Sigowet aliyekwenda nchi ya mbali, asikojua mtu, aliweza kuuliza wenzake wa kikosi na wa rika, akapata mahali pa kulala na kibuyu cha maziwa.

Wenzi wa rika moja walikuwa zaidi ya marafiki. Mtu hakuruhusiwa kumwoa binti wa mwenzi wa rika lake, kwa sababu binti huyo alihesabiwa kuwa kama binti yake mwenyewe. Sheria hiyo yaonyesha waziwazi jinsi uaskari na uzazi ulivyofungamana: watu waliosimama bega kwa bega na ngao zao walifanywa kuwa baba wa watoto wa kila mmoja wao.

NG'OMBE WA NYUMBA

Kijana alitaka nini vitani? Baadhi ya Wazungu wa kwanza walioandika habari za nchi hii walisema kwamba alipenda damu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Alitaka sifa, hapana shaka, kama vijana wa mahali pote. Lakini sifa peke yake haikumpa mke. Ili aoe ilimpasa kutoa koito, yaani mahari ya ng'ombe na mbuzi. Baba mwenye mifugo mingi na wana wachache aliweza kumtolea mwanawe. Baba mwenye wana wengi aliwaambia wangoje zamu yao. Nayo zamu ya mwana wa tatu au wa nne, hasa baada ya ugonjwa wa ng'ombe, iliweza kuwa ndefu mno. Mwana kama huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunoa mkuki wake aliposikia kwamba njia ya Umasai au ya Ugusii iko wazi.

Alipooa, ndoa ilifungwa kwa jani. Bwana arusi na bibi arusi walifungana mkononi jani liitwalo segutiet, na ndoa iliyokwisha kufungwa hivyo haikuvunjwa kwa urahisi; wazee walisema kwamba hata kifo hakikuivunja. Maneno hayo yalikuwa na maana kamili, kama tutakavyoona mbele.

Mke alipata nyumba yake, na nyumba hiyo ilipewa ng'ombe. Tangu wakati huo ng'ombe wale walikuwa wa nyumba hiyo. Mume aliwachunga na kuwatetea, lakini hakuweza kuchukua ng'ombe wa nyumba ya mke mkubwa akamtolea koito mwana wa mke mdogo. Akifanya hivyo, wana wa nyumba iliyodhulumiwa walimshitaki mbele ya baraza, hata baada ya miaka mingi, hata baada ya yeye kufa. Binti wa nyumba akiolewa, ng'ombe wa koito yake waliingia katika nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao kaka yake wa tumbo moja alioa. Ng'ombe walioletwa kutoka vitani walikuwa na hesabu yao mbali, kwa sababu kijana aliwapata kwa jasho lake mwenyewe. Na hapo ndipo palipokuwa na uhuru wake.

Tena mwenye ng'ombe mwenye akili hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki walio mbali, desturi iitwayo kimanagan. Rafiki alikunywa maziwa, na ng'ombe pamoja na ndama wake wakabaki mali ya mwenyewe. Mtu wa Sigowet aliweza kuwa na ng'ombe wawili Bureti, mmoja huko Sot na watatu kwa mwenzi wa kikosi chake karibu na msitu. Adui akiteketeza kokwet yake usiku mmoja, au tauni ikishuka bondeni, alikuwa bado na mahali pa kuanzia. Mkewe alizijua hesabu hizo zote kichwani, na ilimpasa azijue, maana mumewe alikuwa askari.

KWENDA VITANI

Silaha zilikuwa mkuki, upanga mfupi wa sime, rungu, na ngao ya ngozi ngumu. Chuma kilitoka kwa wahunzi. Chakula cha njiani kilikuwa kidogo, kwa sababu kasi ilikuwa ni silaha pia: kikosi kilitembea usiku, kikalala mchana katika vichaka, kikapiga alfajiri. Wapelelezi walitangulia. Mkuu wa vita aliitwa kiptaiyat, na hakuwekwa kwa kuzaliwa. Alifuatwa kwa kuwa alikwisha kuwaongoza watu wakaenda na kurudi. Akishindwa mara mbili, hakuna aliyemwondoa kazini. Vijana waliacha tu kumfuata.

Wazee waliweza kulizuia jambo. Kokwet ilikuwa na msemaji wake aitwaye kiruogindet, mtu wa kupatanisha, mpole wa maneno, ambaye mara nyingi alikuwa shujaa mashuhuri katika ujana wake. Mashauri ya mipaka, ya ng'ombe na ya ndoa aliyasikiliza yeye pamoja na wazee. Lakini kumzuia kijana asiye na ng'ombe kwa maneno peke yake ni kazi ngumu, na katika miaka ya 1890 jambo jingine lilizidisha ugumu huo.

Huko Nandi, orkoiyot mkuu Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890. Orkoiyot ni mtu wa ukoo wa Talai mwenye kutabiri na kubariki, ambaye mashujaa walimwendea kabla ya vita. Baada ya kifo chake wanawe walishindania cheo. Koitalel arap Samoei alibaki Nandi, na ndugu yake Kipchomber arap Koilegen akaja kukaa kwa Wakipsigis. Tangu hapo mashujaa wengi wa Kipsigis walikwenda kwa arap Koilegen kuomba baraka za safari zao, na waliporudi na ng'ombe walimpa sehemu yake. Kwa njia hiyo mtu mmoja akaanza kusikiwa katika nchi yote, jambo ambalo halikuwako mbele. Wazee wengine walilifurahia, na wengine hawakulifurahia.

Aliyerudi akiwa amemwua mtu hakuingia nyumbani kama mshindi wa ngoma. Kwa Wanandi, ndugu zao Wakipsigis, mwuaji alipakwa rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, akakaa mbali na watu siku nne, hata awe ametakaswa. Damu ya adui ilikuwa halali kwa desturi ya nchi, lakini haikupasa kuchanganyika na maziwa ya watoto.

Wala adui hakuwa adui wa milele. Jambo hili husahauliwa na wale wanaosimulia vita vya zamani kama kwamba makabila yalikuwa kuta za mawe. Katika mipaka ya Sondu na Nyando, wanawake wa Kipsigis, wa Kijaluo na wa Kigusii walibadilishana nafaka na mifugo katika miezi ile ile ambayo waume zao walitazamana kwa mikuki. Wakati wa njaa, nafaka ya Wagusii iliokoa maisha ya Wakipsigis wengi, na mwaka mwingine maziwa ya Wakipsigis yakaokoa ya Wagusii. Mtoto aliyetekwa vitani hakufanywa mtumwa wa kuuzwa pwani. Aliingizwa katika ukoo kwa sherehe, akapewa mama na nyumba, akatahiriwa na rika lake, akarithi ng'ombe. Zipo koo za Kipsigis ambazo hata leo husema bila haya kwamba babu yao alikuwa Mgusii au Mmasai. Askari aliyemleta mtoto wa adui begani alikuwa amemletea mkewe mwana, na mwana huyo alipokuwa mtu mzima alikwenda vitani katika kikosi cha baba yake huyo mpya.

MOGORI

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 lilitokea jambo ambalo wazee wa Kipsigis hulitaja kwa sauti ya chini. Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwa Afrika Mashariki yote. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyotoka kaskazini, iliua mifugo ya wafugaji kwa makundi makubwa, na ndui ilifuata. Wamasai, waliokuwa wakiogopwa kuliko watu wote, walivunjika nguvu. Mahali ambapo mazizi yalikuwa matupu, vijana waliokuwa wakingoja koito waliona kwamba zamu yao haitafika kamwe.

Jeshi kubwa lilikusanyika kwenda Ugusii, kubwa kuliko ilivyokuwa desturi. Lilikwenda na kuteka ng'ombe. Lakini Wagusii hawakuwa wamelala, wala hawakuwa peke yao. Walisaidiwa na majirani. Wakipsigis, wakiwa wamechoka na mwendo na wamezuiwa na ng'ombe waliowateka, walizingirwa penye mto Mogori. Ng'ombe wa ngawira hutembea polepole, na mtu anayemswaga ng'ombe ana mkono mmoja tu wa kupigania. Waliuawa wengi mno. Wachache walipenya wakarudi kwao usiku na mchana, wengine wakiwa na majeraha, wakaingia katika kokwet zao bila kuimba. Wagusii nao wana simulizi lao la ushindi juu ya Wakipsigis katika miaka hiyo, nao huuita Osaosao. Na ni haki yao kulisimulia, maana walikuwa wakitetea nyumba zao wenyewe.

Sasa msomaji akumbuke namna jeshi lile lilivyopangwa. Kikosi kilirithiwa kwa baba. Kwa hiyo ndugu walipigana mahali pamoja, na walipozingirwa walizingirwa pamoja. Jeshi la mshahara likipotea, mfalme huajiri jingine. Huku Belgut, Bureti na Sot zilipotea nyumba. Zipo nyumba ambazo wana wote wa mama mmoja walilala Mogori. Kijana wa nne, yule aliyekuwa akingoja zamu yake, hakurudi, na kaka zake waliotangulia kuoa hawakurudi, na baba mzee akabaki katika ua wenye wajane watatu na watoto wasiofika kiuno.

Nguvu ile ile iliyowafanya kuwa askari hodari, yaani kupigana karibu na ndugu zao, ndiyo iliyofanya hasara yao kuwa kubwa hivyo. Hakuna kiptaiyat aliyekosa akili hata asilijue jambo hili. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kumwambia mtu asisimame karibu na ndugu yake ni kitu kingine.

NYUMBA ILIYOBAKI

Hapa ndipo maana ya lile jani la segutiet huonekana. Mjane wa Mogori hakuolewa upya na mtu mwingine, kwa sababu bado alikuwa mke wa yule aliyekufa. Ndugu wa marehemu, au mtu wa karibu katika ukoo, aliingia nyumbani mwake kumtunza, na watoto waliozaliwa baadaye walikuwa watoto wa marehemu. Waliitwa kwa jina lake, wakarithi ng'ombe wake, wakaingia kikosi chake. Miaka kumi baada ya vita mtu aliyelala penye mto alikuwa akizidi kupata wana.

Na kama mjane alikuwa amepita umri wa kuzaa, na hana mwana? Desturi ilikuwa na njia kwa ajili yake pia. Aliweza kutoa koito kwa ng'ombe wa nyumba yake akamwoa msichana, naye akahesabiwa kuwa mume katika ndoa hiyo. Msichana alizaa kwa mwanamume aliyeruhusiwa na ukoo, na watoto walikuwa wa nyumba ile. Wakipsigis huita ndoa hiyo kitunji toloch, na haijapotea hata siku hizi. Wageni wengi walioisikia mara ya kwanza waliicheka. Wangalikaa kitako na mjane mmoja wa Mogori, mwenye ng'ombe sita na kaburi tupu, pengine wasingalicheka.

Wakati huo zile hesabu za kimanagan alizozishika mke kichwani zilikuwa ndizo mali yote. Hapakuwa na karatasi. Ilimlazimu mjane kwenda, au kumtuma mtoto wake mkubwa, mpaka Bureti au Sot, kwa mtu ambaye pengine alikuwa na maiti wake mwenyewe wa kulilia, na kumwambia: “Ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyoinama ni wa mume wangu, na huyu ndiye mwanawe.” Katika nchi ambayo kila mtu alikuwa na haja ya ng'ombe, kukubali maneno hayo kulitaka uaminifu mkubwa. Mashauri ya namna hii yalisikilizwa katika mabaraza kwa miaka mingi, na Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha mabaraza yake ya wenyeji iliyakuta bado yakisemwa.

Wale waliotoka Mogori wakiwa hai walioa, wakazeeka. Mtu kama huyo asubuhi alikwenda kutazama ng'ombe wake, akarudi akaketi juani. Mkewe alimpa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Kadiri alivyozeeka ndivyo neno lake lilivyozidi kusikiwa, na mara nyingi neno lake lilikuwa la kuzuia. Vijana waliona kwamba wazee wamekuwa waoga.

BENDERA NA RELI

Watu weupe walikwisha kuonekana. Mwaka 1889 msafara wa F. J. Jackson, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ulipita katika nchi hizi, na Wakipsigis hukumbuka kwamba katika mwaka huo palifanywa mapatano ya amani na wageni. Baada ya hapo miaka mingi ilipita pasipo mabadiliko makubwa kwa mtu wa Sigowet. Kisha mambo yakaja upesi. Reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi wa Desemba 1901. Mwaka 1902 nchi yote ya magharibi, ambayo ilikuwa chini ya Uganda, ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na boma likawekwa Kericho.

Kwa muren wa rika la Kaplelach, aliyekuwa sasa na wake wawili na nywele zinazoanza kubadilika, boma lilileta amri moja iliyogeuza maisha yote: usiende kuteka ng'ombe. Upande wa Sotik vijana hawakuisikia amri hiyo. Waliwashambulia Wamasai wakachukua ng'ombe na watu, wakakataa kuwarudisha, na mwaka 1905 Serikali ilipeleka jeshi lenye bunduki za rashasha. Ngao ya ngozi haikuwa na kazi tena. Watu wengi waliuawa na ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa, na baadaye sehemu kubwa ya nchi nzuri, Kericho na Sotik, ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Koitalel arap Samoei alipigwa risasi huko Nandi alipokwenda kukutana na Waingereza kwa ajili ya mapatano. Ndugu yake arap Koilegen aliondolewa Ukipsigis mwaka 1914, na mwaka 1934 ukoo wote wa Talai ulihamishwa kwa sheria maalumu ukapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, ambako walikaa mpaka kuelekea Uhuru.

Haifai kusema kwamba Waingereza walileta amani kwa watu wasioijua amani. Wazee waliokumbuka Mogori walikuwa wamekwisha kusema maneno hayo hayo chini ya mti kabla bendera haijapandishwa, wala hawakuhitaji rashasha kuyasema. Lakini ni kweli pia kwamba mama wengi wa Sigowet, waliowazaa wana baada ya mwaka 1905, waliwaona wote wakikua mpaka kuoa.

Swali la koito halikuondoka pamoja na vita. Mwana wa tatu na wa nne bado walingoja zamu. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilipoanza kuwaandikisha vijana wa kabila hili, na baadaye polisi nao, walikuja wakiwa warefu, wenye mbio, waliozoea kulala macho. Walipewa namba, kofia na mshahara. Afisa aliyewaandikisha aliandika jina la baba, na kijana alimtajia. Hakumwuliza kikosi, wala kijana hakumwambia kwamba yeye ni Kebeni au Kasanet. Mwisho wa mkataba alirudi Sigowet na fedha zake katika mkanda. Asubuhi yake alishuka mnadani pamoja na baba yake mzee, ambaye alimfungua mtamba kinywa, akatazama meno, akapima kiwele kwa mkono wake, akasema ni bei mbaya lakini wamchukue, kwa kuwa watu wa bibi arusi wanakuja kesho kutwa.